James Brown alivyotulea sisi vijana wa Kariakoo, 1968 hadi 1975 (uzi mrefu, wazee na vijana karibuni)

Mtoa mada

Wakuu, salaam kwenu.

Kila uzi wa zilipendwa ninaousoma unarudi kulekule: NUTA Jazz, Dar Jazz, Western, Kilwa, na wakubwa wa Kongo. Nawaheshimu wote, na nyimbo zao nimezicheza mpaka viatu vikaisha soli. Lakini Dar ya mwisho wa miaka ya 60 ilikuwa na upande mwingine ambao sisi tuliokuwa na miaka kumi na sita, kumi na saba tuliuishi, na naona tunakufa mmoja mmoja bila kuuandika. Ni upande wa soul, muziki wa weusi wa Marekani. Na kwenye soul, kwetu sisi wa Kariakoo, alikuwepo mtu mmoja halafu ndipo wanafuata wengine: James Brown.

Nasema mapema ninachokuja kusema. Mtu huyu, aliyezaliwa South Carolina mwaka 1933 na kukulia kwenye ufukara Augusta, Georgia, ndiye aliyenifanya nijitazame kwenye kioo bila kuona haya. Shule haikufanya hivyo, wala chama. Nitaeleza.

Mwaka 1968 nilikuwa najifunza ufundi kwa baba yangu mdogo, fundi cherehani, barazani Kariakoo. Mji ulikuwa umejaa siasa. Azimio la Arusha lilikuwa la mwaka mmoja. Kamati ya Ukombozi ya OAU, umoja wa nchi za Afrika, ilikuwa hapahapa, wapigania uhuru wa FRELIMO wa Msumbiji tulipishana nao njiani, na wakubwa walisimulia bado habari za Malcolm X kupita Dar mwaka 1964. Kwa hiyo neno "mweusi" tulilisikia kila siku, kwenye redio na kwenye mikutano. Lakini ukiingia dukani, rafu ilikuwa na krimu za kung'arisha ngozi. Dada zetu walichoma nywele kwa chanuo la moto. Sisi wavulana tulipaka dawa nywele zilale. Mkutanoni tuliambiwa tujivunie, tukifika nyumbani tunajikwangua.

Santuri zilifika kwa njia nyingi. Mabaharia walileta, walikuwepo wenye ndugu Nairobi, na baadhi ya maduka ya mjini yaliuza ukiwa na fedha. Sisi hatukuwa nazo, kwa hiyo santuri moja ndogo ilizunguka mtaa mzima mpaka inakwaruza. Ya kwanza ya James Brown kunikaa ilikuwa "Cold Sweat", ya mwaka 1967. Baba mdogo, mpenzi mkubwa wa Kilwa Jazz, aliisikiliza mara moja akasema: "Hapa hakuna wimbo, hapa kuna ngoma tu. Gitaa ngoma, tarumbeta ngoma, na yeye mwenyewe ngoma." Alidhani anaikosoa. Kwangu ndiyo ilikuwa sifa yenyewe, na mpaka leo sijasikia mtu akiueleza muziki ule vizuri zaidi.

Wanaopiga vyombo watanielewa. Muziki mwingi wa Marekani wa wakati ule uliweka uzito kwenye pigo la pili na la nne. James Brown aliwaambia wapigaji wake uzito uwe kwenye la kwanza, wote watue hapo pamoja, halafu kila mmoja ajaze nafasi yake kwa kipande kidogo anachokirudia bila kuchoka. Nyimbo kama hiyo inakaa karibu yote kwenye kodi moja ya gitaa, yaani noti zilezile chache zinazopigwa pamoja. Haiendi popote, na haina haja ya kwenda. Mtoto aliyekulia kwenye ngoma za harusi na unyago za Kariakoo anaielewa kabla ya kuambiwa. Mimi nilikuwa nakanyaga cherehani kwa mdundo huo, na pindo la suruali lilinyooka.

Halafu Agosti 1968 akatoa "Say It Loud – I'm Black and I'm Proud". Aprili mwaka huo Martin Luther King alikuwa ameuawa, na kesho yake James Brown alipiga Boston, onyesho likarushwa kwenye televisheni ili watu wakae nyumbani wasiingie mitaani. Kwa hiyo sauti yake ilishakuwa zaidi ya muziki. Ndani ya wimbo ule yeye anadai na kundi la watoto linamjibu. Miaka mingi baadaye nilijifunza kwamba wengi wa watoto wale waliorekodi Los Angeles hawakuwa weusi, walikuwa wazungu na wenye asili ya Asia. Hilo halijaniharibia kitu. Sisi barazani tuliitikia kwa niaba yao.

Kiingereza chetu kilikuwa cha kuungaunga lakini maneno yale hayakuhitaji kamusi. Na yeye mwenyewe, ambaye kwenye picha za kava alikuwa na nywele zilizolazwa kwa dawa, mwaka uleule akaziacha zikae zilivyo. Wiki tuliyoiona picha ile nilitupa dawa yangu. Fundi seremala jirani akanichongea chanuo la mbao la meno marefu. Mama alilia kidogo, akidhani nimekuwa mhuni.

Sasa njoo kwenye sehemu ngumu. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha Operesheni Vijana. Kuanzia Januari 1, 1969 zilipigwa marufuku sketi fupi, mawigi, krimu za kung'arisha ngozi na suruali za kubana. Soma tena orodha hiyo. Mawigi na krimu! Yaleyale James Brown aliyotufanya tuyaache kwa hiari yetu. Kama kuna mtu angekaa nasi tukazungumza, angekuta kwamba kwenye nusu ya orodha tulishakubaliana naye. Lakini hatukuzungumziwa hivyo. Tulipimwa miguu ya suruali. Mimi nilizishona suruali zile na nikazifumua zilezile, wateja wakizileta wamekunja nyuso, na baba mdogo akanionya nisishone nyingine mpaka hali itulie.

Na mwaka huo haujaisha, Novemba 1969, mkuu wa mkoa wa Pwani, ambao Dar ilikuwa ndani yake, akapiga marufuku muziki wa soul jijini. Hoja zilizotolewa zilikuwa ni za kulinda utamaduni na maadili ya vijana. Kwenye magazeti watu wakabishana barua kwa barua, na hoja ya vijana ilikuwa ileile tuliyokuwa nayo barazani: huu ni muziki wa weusi wenzetu waliochukuliwa utumwani, ukiukataza kwa jina la Uafrika unamkataza nani?

Niwe mkweli kwa upande wa pili. Mwalimu, alipohutubia kama Rais wa Jamhuri mwaka 1962, alisema wengi wetu tumejifunza rumba, chachacha, twisti, waltz, na akauliza ni wangapi wanajua ngoma zetu kama gombe sugu au lelemama. Swali lile lilikuwa la haki na linaniuma mpaka leo, maana lelemama nimeiona mara chache kuliko nilivyostahili. Ninachokataa ni kwamba soul iliwekwa kapu moja na waltz.

Nitapumzika hapa, macho hayana nguvu. Nitarudi.

Mchangiaji wa Ilala (mama)

Kaka, salaam. Tunalingana umri, kwa hiyo nakuita kaka.

Umesema vizuri kuhusu suruali, lakini naomba uzi huu usiwe wa suruali peke yake. Suruali ilipimwa, sisi tulivuliwa. Oktoba 1968, kabla hata marufuku haijaanza kazi, makundi ya vijana wa kiume yalikuwa Kariakoo kwenye vituo vya basi. Nilikuwa natoka kazini, nilikuwa mpiga taipu. Basi la DMT lilisimama, wakaanza kuwashusha wasichana wenye sketi fupi. Mimi nilifungwa khanga na mama mmoja nisiyemjua, akanisukuma nyuma yake na kusema huyu ni mwanangu. Mwenzangu aliyekuwa kiti cha mbele hakupata mama wa kumfunga khanga.

Na James Brown nilimpenda sana, nakubaliana nawe kila neno kuhusu nywele. Wigi yangu niliiacha mwenyewe. Lakini nyimbo zake, ukiondoa ule wa kujivunia weusi, dunia ilikuwa ya wanaume. Aliutoa hata wimbo wenye kichwa cha maneno hayo, na mmoja wa walioutunga ni mwanamke, Betty Jean Newsome. Mimi aliyenishika kabisa ni Aretha Franklin, na kwa nyumbani Miriam Makeba, aliyekuwa na nywele zake za asili kabla ya wote hawa.

Mtoa mada

Dada yangu, asante. Ulichokisema kuhusu Makeba ni haki tupu, alikuwa ametangulia. Na siku zile za Oktoba nilikuwa barazani, niliona watu wakikimbia. Tuliwaingiza wasichana wawili dukani tukafunga mlango, baba mdogo akawapa vipande vya kitambaa wajifunge. Sikujua la kuwaambia. Nilirudi kwenye cherehani mikono inatetemeka.

Naendelea. Marufuku ilipokuja, soul haikufa, ilihamia vyumbani. Kabla ya hapo kulikuwa na bugi, dansi za vijana za mchana, Jumamosi au Jumapili, na bendi za vijana kama Rifters, Sparks na Flaming Stars walipiga nyimbo za Wilson Pickett, Otis Redding na James Brown mbele ya vijana waliovaa wakavalika. Baadaye tukawa tunakutana nyumbani kwa mwenye gramafoni, pazia limeshushwa, sauti imepunguzwa. Ndipo nilipojifunza kusikiliza. Ukimsikiliza James Brown kwa sauti ya chini unaacha kumfuata yeye, unamsikia Maceo Parker kwenye saksofoni, unasikia magitaa mawili yakipishana bila kugongana.

Jambo lingine alilotulea nalo ni kazi. Ilijulikana kwamba aliwatoza faini wapigaji wake: noti ikikosewa faini, kiatu kichafu faini. Leo naona ule ulikuwa ukali uliopita kiasi, na wengi walimkimbia. Lakini kijana wa Kariakoo aliyekuwa anaambiwa kila siku kwamba wapenda soul ni wavivu na wahuni alihitaji kujua kwamba mfalme wa muziki huo hakuwa mvivu hata siku moja. Mimi nilianza kupiga pasi kila nguo kabla haijatoka dukani, nje na ndani, hata mahali mteja hatapaona. Baba mdogo hakujua sababu.

Ilipofika 1972, 1973, hali ililegea. Suruali za pekosi na bugaluu zikaingia kwa kasi, na viatu vya raizoni vyenye soli nene, na mimi nikapata wateja wengi kuliko mafundi waliokuwa wamenizidi umri, kwa sababu picha za kava za santuri nilikuwa nimezisoma kama wengine wanavyosoma kitabu. Bugaluu nzuri inatakiwa ibane pajani na ianze kufunguka gotini. Ikianza kufunguka pajani inakuwa gunia. Nilijenga chumba changu cha kwanza kwa bugaluu.

Mchangiaji wa Lubumbashi

Mzee, jambo yako na ya wote. Nafuata uzi huu toka Lubumbashi.

Mwaka 1974 nilikuwa mwanafunzi Kinshasa. Pigano la ngumi la Muhammad Ali na George Foreman lilipangwa Septemba 25, Foreman akapasuka juu ya jicho mazoezini, likasogezwa hadi Oktoba 30. Lakini muziki haukuweza kusogezwa kwa sababu wanamuziki walishapangiwa. Kwa hiyo siku tatu, Septemba 22 hadi 24, tulipata tamasha bila ngumi, uwanja wa 20 Mai. B.B. King, Bill Withers, Celia Cruz, Makeba, na wa kwetu Franco na Tabu Ley. James Brown alitoka na mavazi ya kubana, mkanda mpana wenye herufi GFOS, yaani Godfather of Soul.

Nilichotaka kusema ni hiki. Kwenu serikali ilimkataza, kwetu serikali ilimwalika, na zote mbili zilitumia neno moja la Uafrika. Wakati anaimba kwetu kuhusu kujivunia weusi, suti na tai kwa wanaume zilikuwa zimekatazwa na majina ya ubatizo tumenyang'anywa. Tulipiga kelele za furaha usiku ule, na kesho yake tulikuwa tunaongea kwa kunong'ona kama siku zote. Vijana wetu lakini walimchukua moja kwa moja: tazama kundi letu la Trio Madjesi, mavazi yao, miguu yao jukwaani. Bendi ya Zaïko Langa Langa nao, walioanza mwisho wa 1969, kelele zile za katikati ya wimbo hazikutoka hewani.

Mtoa mada

Ndugu wa Lubumbashi, umenipa kitu cha kufikiri. Trio Madjesi walitikisa hapa kwetu, na wapo waliowapenda bila kujua kwamba wanampenda James Brown kwa mlango wa nyuma.

Mchangiaji wa Arusha

Shikamoo mzee. Nimesoma kwa heshima lakini naomba nikuulize bila kuficha. Huyu unayemsifu alikwenda Vietnam mwaka 1968 kuwaburudisha wanajeshi wa Marekani. Mwaka 1972 alimuunga mkono Rais Nixon wa Marekani. Alikamatwa zaidi ya mara moja kwa kumpiga mke. Alifungwa, akatoka 1991. Mtu wa namna hiyo anawezaje kuwa mlezi wa vijana?

Mtoa mada

Marahaba mwanangu. Yote uliyoyaandika ni kweli na sitayapunguza.

Habari ya Nixon ilitufikia na ilituuma. Kulikuwa na rafiki yetu mmoja, msomaji sana, aliyekuwa akihudhuria mihadhara ya mwanahistoria Walter Rodney pale Chuo Kikuu, Mlimani, akaja barazani akasema leo mfalme wenu kauza. Tulibishana mpaka usiku. Yeye alizitoa santuri zake kwa mtu mwingine. Mimi zangu nilibaki nazo. James Brown aliamini kwamba mtu mweusi atakombolewa na biashara yake mwenyewe. Alinunua vituo vya redio, alitaka kila mweusi awe na duka. Mimi niliishi nchi iliyokuwa imechagua njia nyingine kabisa, na sikuwahi kumfuata kwenye siasa hizo.

Kuhusu kupiga wanawake sina utetezi na sitafuti. Nina mabinti. Walipokuwa wakubwa na wakauliza kuhusu picha yake iliyokuwa ukutani dukani, niliwaambia yote mawili: alichonipa, na alichowafanyia wake zake. Binti yangu mkubwa aliniomba niishushe. Niliishusha. Santuri bado nasikiliza, na nikisikiliza najua namsikiliza nani. Alichonifanyia mwaka 1968 kilishafanyika. Nywele zangu zilishaota upya.

Mchangiaji wa Mombasa

Shikamoo mzee, na shikamoo mama wa Ilala. Msitusahau sisi wa pwani ya huku. Mombasa tulikuwa na Slim Ali na Hodi Boys, mtoto wa Kiswahili akiimba soul kwa Kiingereza mpaka mgeni anauliza katoka jimbo gani la Marekani. Na Nairobi walikuwepo Matata, waliokwenda Uingereza mwanzo wa miaka ya 70, funk yao ukiisikia leo unadhani imerekodiwa juzi.

Mchangiaji wa Mbagala

Shikamoo babu. Mimi natengeneza biti. Hawa mnaowataja nawajua kwa majina tu. Nianzie wapi kumsikiliza James Brown kama mtu wa ngoma?

Mtoa mada

Marahaba mjukuu wangu. Swali lako limenifurahisha kuliko yote.

Anza na "Funky Drummer". Ilirekodiwa Cincinnati, Novemba 1969. Angalia mwezi huo: sisi huku tunakatazwa soul, wao kule wanarekodi kipande ambacho nyinyi mngekuja kuishi nacho. Mpigaji ngoma anaitwa Clyde Stubblefield. Wimbo ni mrefu, vumilia, usiruke. Mwishoni James Brown anawaambia wengine wanyamaze wamwachie mpigaji ngoma, na Stubblefield anabaki peke yake kwa sekunde chache. Hajionyeshi, hapigi kwa nguvu. Sikiliza zile ngoma ndogo za chini kwa chini kati ya mapigo makubwa, zile anazozigusa tu, hapo ndipo kazi ilipo. Kipande hicho kimekatwa na kutumika kwenye nyimbo za hip hop zisizohesabika, Public Enemy wakiwemo, na Stubblefield mwenyewe, mpaka anafariki mwaka 2017, alipata kidogo sana kutoka humo. Ukitumia kazi ya mtu, mjukuu wangu, mtaje.

Kisha rudi "Cold Sweat". Kisha santuri ya onyesho la Apollo, New York, iliyorekodiwa Oktoba 1962, usikie watu wanavyomjibu.

Halafu usiishie Marekani. Mtafute Patrick Balisidya na Afro 70, bendi iliyoanza mwaka 1970 na ikaiwakilisha nchi FESTAC, tamasha la sanaa na utamaduni wa weusi, Lagos, 1977. Tafuta pia Sunburst, waliokuwa hapa Dar na kutoa "Ave Africa" mwaka 1976. Hao ndio walioisikia soul na roki, wakairudisha ikiwa na Kiswahili na ngoma za kwetu ndani yake. Hakuna marufuku iliyowatengeneza. Walisikiliza, wakachagua.

Mama wa Ilala, kama bado unazo picha za miaka ile, nakuomba uziweke humu, hata zilizochakaa. Na yeyote mwenye picha za bugi za pale ukumbi wa Arnautoglu, au anayekumbuka nani alikuwa anapiga ngoma kwenye Rifters, aandike. Mimi nakumbuka sura yake na shati lake la maua, nililishona mimi, ila jina limenitoka.